Matete ya Kwenye Kona ya Mto

Jumanne asubuhi fundi wa mishale alikuwa uani, ananyoosha matete juu ya makaa. Alilipasha tete pale lilipopinda, akalikandamiza kwenye gogo, kisha akafumba jicho moja kuangalia kama limenyooka. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe. Miaka minne nyuma, wiki ile kampuni ya maji ilipozungushia ukingo uzio, mume alikwenda kukata matete kwenye kona ya mto, asirudi. Kampuni ilisema huenda kapata mke ng'ambo. Fundi bado alilala upande wa ukutani, akimwachia nafasi yake.

Mwindaji, mteja wa siku nyingi, aliingia na podo begani.

"Shemeji, mishale yako inakata kona."

"Inakata kona vipi?"

"Nalenga kanga, yenyewe inageuka, inaelekea mtoni. Yote."

Fundi akachukua upinde, akalenga ukuta wa jirani. Mshale ulipaa, ukageuka juu ya bati bila haraka, ukashika njia ya mtoni. Akaachia na kumi iliyobaki podoni, wakaifuata kwa miguu. Waliiona ndani ya uzio, kando ya nyumba ya pampu, imezama kwenye sakafu ya saruji. Ilikuwa imejipanga mstari, urefu wa mtu aliyelala.

Ofisini kwa kampuni, karani alimpa fundi fomu ya vitu vilivyoangukia ndani ya uzio. Fundi akaandika: mume wangu. Karani akafuta, akaandika: mishale kumi na mmoja. Akagonga muhuri.

Saruji haikuvunjwa. Wafanyakazi waligawiwa kofia ngumu.

Tangu hapo, kila alasiri fundi hurusha mshale mmoja, kauandika kwa wino ubavuni. Paa limezibwa. Binti kajifungua salama. Mjukuu ana masikio yako, maskini. Ijumaa mlinzi wa kampuni huing'oa mishale ya wiki, akaifunga kamba na kumrudishia.

Ijumaa moja mlinzi hakuondoka mara moja. Alivua kofia.

"Mama, ule wa juzi nilimsomea mara mbili. Unaandika herufi ndogo mno, na macho yangu ndiyo haya."

"Samahani, baba. Wino ulikuwa unaniishia."

"Hamna neno. Nilitaka tu uelewe, asije akakosa kitu."

Fundi alimkaribisha chai. Mlinzi alipoondoka, fundi akachambua mzigo wa matete, akatenga yale manene, yenye nafasi ya kutosha maneno.