Swali la Siri la Bwana Euclide

Rolande Pelchat hakujua kama anapendwa au anachekwa, na mtu akishatimiza miaka sitini na saba, kutojua jambo kama hilo ni adhabu. Ungemwuliza chanzo, angekwambia ni simu. Simu yenyewe wala haikuwa yake. Ilikuwa ya Fika Salama, kile chama cha kujitolea ambacho kila Desemba huwarudisha watu nyumbani ndani ya magari yao wenyewe, wakiwa wamekunywa au wamechoka, bila kuwatoza hata senti. Anayetaka kuchangia huchangia, na mchango huwaendea wasichana wa mji huo mdogo wa Roberval wanaocheza magongo kwenye barafu.

Kazi hufanywa na watu watatu. Ghislain Thiffault, fundi bomba mstaafu mwenye mdomo usiolala, ndiye aliyeendesha gari la mteja. Rolande alikaa kando yake, akiangalia njia na kumzungumzisha mteja aliye kiti cha nyuma. Mado, shoga yake Rolande tangu utotoni, alifuata na kigari chake ili awarudishe wenzake kituoni, yaani kwenye chumba cha chini cha kanisa, palipokuwa na meza, kahawa na supu ya njegere.

Zamani watu walitia noti kwenye kofia ya sufu, mambo yakaisha. Siku hizi nani anatembea na noti? Mteja hutuma mchango kwenye simu ya chama, na anapotuma huweka swali la siri pamoja na jibu lake. Anayepokea asipolipatia jibu hilo, pesa haziingii; akikosea mara tatu, zinamrudia mwenyewe. Ili kuepuka usumbufu, kadi iliyoning'inizwa kwenye kiti iliwaelekeza wote waweke swali moja, "Msimu gani?", na jibu moja, "baridi". Hata walevi waliokuwa wakimwimbia Ghislain sikioni waliweza hilo. Bwana Euclide Gaudreault hakuweza, au hakutaka.

Walimchukua mara ya kwanza Jumapili moja, dansi ya klabu ya wazee ilipokwisha. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na giza la majira ya baridi limeshaingia, theluji inaanguka taratibu. Alikuwa mjane mrefu, msafi, ambaye zamani alitengeneza jibini kabla ya kumwachia mwanawe kazi. Ghislain alinusa hewa ya gari, akanusa tena.

"Samahani, bwana. Umekunywa nini hasa?"

"Kahawa."

"Kahawa haijawahi kumzuia mtu kuendesha."

"Mimi inanizuia. Moyo unanienda mbio."

Njiani akawasimulia habari za paka wake, aliyezaliwa katikati ya jibini na kukulia katikati ya jibini, lakini ukimpa jibini anakutazama kama umemtukania mama. Rolande akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kupita mwili wake, na marehemu mumewe alizoea kumwambia apunguze sauti, bata wa jirani wataitikia. Alipokumbuka hilo akafunga mdomo ghafla.

Waliporudi kituoni simu ikalia. Mchango wa Bwana Gaudreault umefika. Swali: "Mama aliyekaa mbele amevaa kofia ya rangi gani?"

Rolande akajishika kichwani. Kofia ilikuwa ya buluu, yenye kishada, amejifumia mwenyewe na upande mmoja umepinda. Akaandika "buluu", pesa zikaingia, na yeye akabaki anaitazama ile simu.

"Ina maana gani?" akauliza.

"Ina maana hajui kusoma kadi," alisema Ghislain.

"Ina maana ana macho," alisema Mado.

Rolande hakukubaliana na yeyote. Alikwenda nyumbani akajitazama kwenye kioo na ile kofia, akaona kweli ni kituko. Huenda mzee wa watu alikuwa anamsimanga kwa adabu. Lakini mtu hutoa mchango ili asimange? Akalala na swali hilo, akaamka nalo.

Jumapili ya pili Bwana Euclide akapiga tena kuomba gari, na tena alinukia kahawa na sabuni. Rolande alimzungumzisha kama kazi ilivyomtaka, bila kucheka. Alijizuia mpaka kwenye daraja, lakini mzee alipomwigiza mwanawe akipima chumvi ya jibini kwa mizani ya dawa, kicheko kikamtoka. Mchango ukafika na swali lake: "Nani ana kicheko kinachopasha gari joto?"

"Andika jina lako, shoga," alisema Mado. "Unangoja nini?"

"Kama siye mimi?"

"Basi ni Ghislain! Mpe Ghislain simu aandike!"

Rolande akaandika jina lake, ambalo Ghislain hakuchoka kuliita garini, huku masikio yanamwaka. Jibu likakubaliwa. Badala ya kutulia, ndipo akili ilipomruka. Kupasha gari joto ni sifa, au ni njia ya kumwambia mtu ana kelele? Angemwuliza nani? Kumpigia simu mteja hakuruhusiwi. Fika Salama wana sheria moja kubwa kuliko zote, kwamba ukishamfikisha mtu mlangoni huna haki ya kumtafuta, na namba yake hufutwa. Sheria ilikuwa na maana yake. Roberval ni mji ambao mtu akipiga chafya ziwani, wa karibu na reli anamjibu. Na kwenda mwenyewe kwenye dansi ya wazee? Asingethubutu. Angekuwa amekosea, ingekuwa aibu ya kuzikwa nayo.

"Mficha uchi hazai," Mado alimwambia.

"Kwa umri huu sitafuti kuzaa."

"Unatafuta nini, basi?"

Hilo nalo hakulijua vizuri. Alijua tu kwamba mwanawe wa pekee alikuwa mbali, Alberta, kwenye visima vya mafuta, na hangekuja, kwamba Mwaka Mpya angekula tourtière, ile pai ya nyama ya sikukuu, ya kipande kimoja, na kwamba tangu wiki mbili zilizopita alikuwa anazihesabu Jumapili kama mtoto. Kampeni ya chama ilikuwa inakwisha na mwaka. Baada ya hapo hakutakuwa na safari, wala mchango, wala swali.

Jumapili ya mwisho Rolande alijipaka rangi kidogo mdomoni, akaifuta, akajipaka tena. Bwana Euclide aliingia garini, akasema, "Habari za jioni, mama," kisha akanyamaza. Hakumtaja paka. Hakumtaja mwanawe. Ghislain alijaribu habari za barafu ziwani, akajibiwa "ndiyo" na "labda". Rolande alikaa mbele ameshika kishada cha kofia. Walipofika, mzee alishuka, akawashukuru wote kwa mkupuo mmoja, akaingia ndani bila kugeuka.

"Haya, yamekwisha," Rolande alijiambia. "Mtu alikuwa anacheza tu."

Kituoni alijimiminia supu asiyoitaka. Simu ikalia. Mado aliifikia kwanza, akaisoma, akakaa chini. Akamsukumia Rolande simu.

Swali: "Utakuja kula kwangu siku ya Mwaka Mpya?"

Rolande alisoma mara ya kwanza, hakuelewa. Akasoma mara ya pili, akaelewa. Hakutafuta ushauri. Aliandika "ndiyo" na kubonyeza.

Jibu si sahihi.

"Umekosea kuandika," alisema Ghislain, aliyekwisha kuja kuchungulia begani.

Hakuwa amekosea. Akaandika "nitakuja".

Jibu si sahihi. Umebakiwa na jaribio moja.

Sasa wote watatu wakaikodolea macho simu. Ghislain akapendekeza "saa ngapi". Mado akapendekeza "asante". Mtu anakualika, unakubali, mlango haufunguki. Mzee alikuwa ameuliza nini, kama kukubali si jibu?

"Jaribu 'hapana'," alisema Ghislain.

"Kwa nini niandike hapana?"

"Kwa sababu ndiyo imekataa! Ndiyo au hapana, dada, hakuna la tatu. Andika, pesa ziingie, wasichana wapate fulana zao."

Kidole cha Rolande kilikwenda kwenye herufi ya kwanza kikasimama. Na hapo, katikati ya ule ukungu wote wa wiki tatu, akaona. Mzee alikuwa ameuliza swali, kisha akalijibu mwenyewe kwa niaba yake. Alimwalika, na kabla hajamaliza kuandika alikuwa ameshajikatalia. Ndiyo maana garini alikaa kama mtu anayerudi kutoka mazikoni. Muda wote Rolande alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa anaogopa kuchekwa.

Kwanza akamhurumia. Huruma haikudumu, hasira ikaja, hasira tamu kidogo, iliyompandisha damu usoni.

"Nani kamwambia nitakataa?" alisema kwa sauti. "Kaniuliza lini?"

"Anakuuliza sasa hivi," alisema Mado.

"Ananiuliza na jibu kaliweka mfukoni!"

Simu ina kitufe cha kukataa pesa na kumwandikia mtumaji sababu. Rolande alikibonyeza.

"Rolande!" Ghislain alishika kichwa. "Tangu chama kianze hakuna mchango uliowahi kurudishwa! Nitawaambia nini wakubwa?"

"Waambie swali lilikuwa na kosa."

Akaandika polepole, kwa kidole kimoja, huku Mado akimzuia Ghislain kwa kiwiko: "Jibu uliloweka si langu. Weka langu."

Akatuma. Kisha akajuta, kwa sababu huenda mzee angeona ujumbe kesho, au asingeuona kabisa, au angeuona na kuuogopa. Supu ikapoa. Ghislain akaanza kupanga viti ambavyo havikuhitaji kupangwa. Mado alimshika Rolande mkono chini ya meza, na kwa mara ya kwanza maishani hakumtania.

Simu ikalia. Swali lilikuwa lilelile, neno kwa neno.

Rolande akaandika "ndiyo". Alifumba macho alipobonyeza, akayafumbua, na pesa zilikuwa zimeingia.

"Ametoa ngapi?" aliuliza Ghislain.

Rolande hakuwa ametazama.