Upepo wa Shimo la Saba

Daktari wa meno alitandaza ramani ya uwanja wa gofu mezani, akaikandamiza pembe kwa sahani. Yeye na rafiki yake, mwalimu wa hesabu, walikuwa wanapanga safari ya siku tatu pwani, na tayari walikuwa wamebishana kuhusu hoteli, gari na nani kati yao anakoroma zaidi.

Mama mkwe wa daktari, aliyekuja kumtembelea binti yake, alisimama nyuma yao na kikombe cha chai.

"Shimo la saba msiupige mpira juu," alisema taratibu. "Upepo wa bahari utauchukua."

"Umejuaje, mama?" daktari akauliza.

"Nilikata nyasi za uwanja huo miaka mitano, kabla sijaolewa. Alfajiri, wenye uwanja wakiwa bado wamelala, sisi wakata nyasi tulikuwa tunacheza gofu."

Miaka kumi na miwili daktari na mama mkwe wake walikuwa wakisalimiana, wakajuliana hali, basi, kila mtu akashika hamsini zake. Daktari akamvutia kiti.

"Kaa, mama. La nane je?"

Walipofika la kumi na nane, mwalimu alikuwa amejaza kurasa mbili na chai ilikuwa imepoa.

"Mama, twende wote," daktari akasema. "Mgeni haendi bila mwenyeji."

"Na haya magoti yangu, mwanangu?"

"Kuna vigari vya kukodi."

Mama aliitazama ramani, akacheka. "Haya. Lakini mimi ndiye nitakayeendesha."