Kikombe cha Mama Mkwe

"Nakuuliza wewe, shayiri ya kwenye kopo langu imekwenda wapi?" fundi cherehani alimfokea mke wa dereva.

"Jamani shoga, konzi moja tu! Mwenzangu, juzi wewe hukuchota chumvi yangu?"

"Chumvi na sumu ni sawa?"

Hapo ndipo sisi wapangaji tuliokuwa uani tukifua tulipoacha kucheka. Nyumbani kwetu kopo la mmoja ni kopo la wote: ukiishiwa unatia mkono kwa jirani, kesho unarudisha. Kumbe fundi alikuwa ameloweka shayiri ile kwa dawa ya panya waliokuwa wakimtafunia vitambaa, akaianika, akairudisha rafuni. Hakumwambia mtu.

Na mke wa dereva alikuwa ameichemsha, akaichuja, akampelekea mama mkwe. Mkojo ulikuwa unamchoma yule bibi, na maji ya shayiri ndiyo dawa yake tangu ujana.

"Ameyanywa?" fundi aliuliza.

"Nilimwekea kikombe tele, nikaenda zangu sokoni."

Wakatimua mbio hadi chumbani, sisi nyuma yao. Kikombe kilikuwa chini ya kitanda, kitupu. Bibi amelala chali, mdomo wazi, shuka hadi kidevuni. Mke wa dereva akamshika mkono. Wa baridi! Akaketi sakafuni pu.

"Mume wangu atasema nimemuulia mama yake. Nani hajui kwamba mimi na mama hatupikiki chungu kimoja?"

"Mama! Mama, amka!" Fundi alimtikisa bega kama anayekung'uta nguo.

Bibi akafumbua jicho moja. "Mnanililia au mnanipiga?"

"Yale maji, mama! Umeyanywa?"

"Yale? Yananuka kama stoo ya mbolea. Nimeyamwaga chooni, nikachemsha shayiri yangu mwenyewe." Akamtazama mkwewe. "Tangu uolewe na mwanangu, sijatia chako mdomoni bila kukinusa kwanza."

Siku nyingine neno hilo lingezua vita ya wiki nzima. Siku hiyo mke wa dereva alimkumbatia miguu, akalia mpaka kwikwi.

Fundi alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni, kopo mkononi, haingii, haondoki.

"We fundi," bibi akasema, "kalifukie mbali hilo kopo linalonuka kama yale maji, unawe mikono mpaka kwapani, urudi. Maharage nimepika mwenyewe. Ingia ule."