Nati ya Lori la Majani

Okemwa aliigonga nati hadi mikono ikafa ganzi, nayo haikutikisika. Lori la majani chai lilikuwa limeinuliwa kwa jeki mbele ya kibanda chake pale Keumbu, gurudumu la mbele limetolewa, beringi zilizosagika zimefungiwa ndani. Alishaimwagia nati mafuta. Alishaipasha moto kwa gesi. Alichomeka paipu kwenye mpini wa spana, akauning'inia kwa uzito wake wote. Spana ikateleza, na ngozi ya vidole vyake ikabaki kwenye chuma.

"Bado unaibembeleza?" aliuliza Onyiego, mwenye lori, kutoka ndani ya gari lake dogo. "Majani yananyauka huko Nyansiongo. Tumia tindo."

"Tindo itakula meno ya ekseli, Tata," alisema Okemwa, akimwita baba kwa heshima. "Nipe hadi kesho niikate polepole."

"Kiwanda hakipokei majani yaliyooza."

Okemwa akashika tindo. Nati ilipokubali kutoka, ilitoka na chembe za chuma zinazong'aa. Alipitisha kidole kwenye ekseli. Mahali palipokuwa na meno palikuwa laini kama ufizi wa kikongwe.

"Hii ekseli ibadilishwe," alisema. "Nati mpya haina pa kushika."

Onyiego akashuka. Hakuitazama ekseli. Alitazama mabati ya kibanda na vyuma vilivyotundikwa ukutani.

"Kibanda hiki kimesimama kwenye ploti ya nani?"

"Yako, Tata."

"Basi funga gurudumu."

Akafunga. Alitia beringi mpya na nati mpya, akaigongelea ukingo isirudi nyuma, kisha akaifunika kwa grisi nyingi kuliko ilivyohitaji. Mose, dereva, akaja akimalizia ndizi ya kuchoma. Yeye na Okemwa waliimba pamoja katika kwaya ya kanisa kila Sabato.

"Iko sawa, fundi?"

Onyiego alikuwa amesimama karibu yao.

"Iko sawa," Okemwa alisema. "Kwenye miteremko tu, nenda polepole."

Jioni hiyohiyo gurudumu lilichomoka mteremkoni. Lilimpata Nyanchama, mchuma chai aliyekuwa akirudi nyumbani na kikapu kitupu mgongoni. Alikata roho kando ya barabara kabla ya gari lolote kukubali kumbeba. Mose hakupata hata mkwaruzo, na jambo hilo likamponza. Kabla giza halijaingia, soko zima lilikuwa limeambiwa kwamba alikuwa amelewa. Mose, ambaye alibeba majani chai miaka yote bila kuionja chai yenyewe kwa kuwa kanisa lao linaikataza, sembuse pombe.

Asubuhi Onyiego alipita kibandani. Hakuzima injini.

"Ukienda kusema meno yalikuwa yamekwisha, watakuuliza ni nani aliyefunga. Utajibu nini?"

Siku ya mazishi ya Nyanchama, Okemwa alikaa nyuma kabisa. Onyiego alikuwa ametoa ng'ombe, na mchungaji akamshukuru kwa jina. Nyimbo zilipoanza, Okemwa aliinama akafunga upya kamba za viatu.

Kisha Celestine, mke wa Mose, akaja kibandani. Alibeba chakula kilichofungwa kwa leso.

"Ndugu Okemwa, naenda kituo cha polisi kumwona. Mose anasema gurudumu lilichomoka lenyewe. Polisi wanasema akikubali kosa, hakimu atamhurumia, akibisha ataozea rumande. Mimi sijui magari. Wewe ndiye uliyelifunga." Alimtazama usoni. "Niambie mbele ya Mungu. Lilikuwa sawa?"

Okemwa alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta.

"Lilikuwa sawa," alisema.

Celestine akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi ni yeye. Nitamwambia akubali tu, yaishe. Mungu akubariki kwa kunieleza ukweli."

Akavuka barabara kuelekea kituoni. Okemwa alimtazama akisukuma geti la bluu kwa bega, mikono yote miwili ikikumbatia chakula. Akainua mkono amwite. Mkono ukabaki hewani.

Mwenye pikapu aliyekuwa akipita aliuona mkono ule, akadhani anaitwa yeye. Akapinda, akaliingiza gari lake mbele ya kibanda, likamziba Okemwa asione tena barabara wala geti.

"Fundi," alisema akichungulia dirishani, "hili gurudumu linalia. Nimeambiwa wewe unafanya kazi haraka."