Nyanya za Bondeni

Stefania alijua, tangu anapanga mboga kwenye matenga, kwamba Jumamosi ile angesemwa. Juni ilikuwa imeingia na baridi yake, na sakitu, ule umande ulioganda kuwa barafu, iliyoanguka katikati ya wiki ilizibabua nyanya zote zikawa nyeusi kama zilizomwagiwa maji ya moto. Kilichosalimika ni kabichi, karoti, figiri na njegere kidogo.

Shamba lao, yeye na mumewe Polikarp, lilikuwa kando ya barabara ya Matai. Familia kadhaa za Sumbawanga mjini zilikuwa zimechangia kabla mbegu hazijaingia ardhini, na kila Jumamosi zilichukua fungu la kilichokomaa. Shamba likijaa, wote wajaze vikapu. Shamba likikauka, wote wavumilie. Kila mtu aliitikia hivyo kwenye kikao cha masika, mboga zilipokuwa zinaonekana kama hazitakwisha.

Walipofika na guta lao la kubebea mizigo nyumbani kwa Mwalimu Cornelia, ambaye uwanja wake ndio ulikuwa mahali pa kugawia, maneno yalianza kabla hata matenga hayajashushwa.

"Kabichi tena?" alisema Mama Amos. "Watoto wangu wameota mikia kama sungura!"

Watu wakacheka. Stefania hakucheka. Akaeleza habari ya sakitu, akaeleza tena kwa aliyechelewa, akaeleza mara nyingine kwa aliyekuwepo ila hakutaka kusikia. Mwishowe sauti ikamkauka. Polikarp alikuwa amejiinamia kwenye tairi la guta, akiligusagusa kana kwamba limepata pancha. Mumewe alikuwa mtu mwema, lakini kusemwa alikuwa hakuwezi.

Wiki iliyofuata Stefania aliitwa kwao Matai kwa kuwa mama yake alikuwa anaumwa, na Polikarp akagawa mboga peke yake. Aliporudi alimuuliza mumewe mambo yalikwendaje.

"Salama tu," akasema Polikarp, akaenda kunywesha mbuzi.

Jumamosi nyingine walikwenda pamoja. Stefania hajashuka vizuri, Mama Amos akamkumbatia. "Mama Zenon, nyanya zenu za wiki iliyopita! Nene, nyekundu, hazina hata doa! Kumbe mlikuwa mnatuficha?"

Stefania alihisi kama aliyekosa kidato kwenye ngazi. Akamgeukia mumewe. Polikarp alikuwa ameshaligeukia tairi.

Akamvuta hadi nyuma ya nyumba.

"Baba Zenon, nyanya gani?"

"Za bondeni. Lori lilikuwa linashusha sokoni. Nikasema nichukue kidogo, niwatulize."

"Ukawaambia ni zetu?"

"Sikuwaambia. Hawakuuliza."

"Mimi nimesimama hapa nimekauka koo nikiwaeleza baridi inafanya nini, halafu wewe unawaletea nyanya za kule kwenye joto! Sasa mimi si ndiye mwongo?"

"Mama Zenon, watu walikuwa wananung'unika..."

"Wacha wanung'unike! Baridi nimeileta mimi?"

Alirudi uwanjani, akawaambia wote kwamba nyanya zile hazikutoka shambani kwao, zilinunuliwa sokoni, na kwamba anaomba radhi. Alijiandaa kwa hasira yao. Hasira angeiweza.

Hawakukasirika. Mwalimu Cornelia aliinua mabega. "Sasa mama, shida iko wapi? Kama zinapatikana sokoni, si muwe mnatuletea hizo hizo kila wiki? Sisi tunachotaka ni nyanya."

"Kweli kabisa," wakaitikia wengine. Mmoja akaongeza kwamba na hoho zisisahaulike.

"Mwalimu," Stefania alisema, akijitahidi sauti isipande, "soko liko hapo, unalifikia kwa miguu. Mimi nalima. Mlikubali kula shamba linachotoa."

"Tulikubali kula, hatukukubali kufunga." Sasa Mwalimu Cornelia hakuwa anatania. "Na mkitaka kugombana na watu, tafuteni uwanja mwingine."

Aliyechukua fungu lake bila kudai nyanya ni Mzee Isdori, fundi seremala mstaafu. Alibeba kabichi yake kwapani, akasema, "Mwanangu, sitakudanganya, hata mimi nimeichoka." Kisha akaondoka zake. Stefania hakujua ashukuru au alie.

Siku zile chache shambani walifanya kazi kila mmoja na tuta lake, na usiku walilala wamepeana migongo.

Jumamosi iliyofuata hawakwenda tena kwa Mwalimu, waliyapanga matenga kando ya barabara, upepo ukiwapiga vumbi usoni. Baadhi ya familia hazikutokea, na ya Mwalimu Cornelia ilikuwa mojawapo. Stefania alibaki amekaa kwenye guta.

"Leo unasema wewe," alimwambia mumewe. "Kila mmoja, kwa mdomo wako."

Polikarp akalamba midomo. Mama Amos alikuwa wa kwanza, kikapu mkononi, akachungulia ndani ya matenga.

"Nyanya?"

"Hakuna, mama," alisema Polikarp, masikio yamemwiva. "Sakitu imeziua. Hakuna mpaka baridi iishe."

Mama Amos akasonya. Akatazama barabara kama anayetafuta mtu mwingine wa kumlalamikia. Kisha akajaza kikapu chake, akaenda bila kuaga.

"Anayefuata," alisema Stefania.