Njia Iliyopita Juu ya Mwanarusi

Husna alikuwa ameshang'oa mashina manne ya muhogo aliposikia gari likija kutoka upande usiokuwa na barabara. Hakusubiri kuuliza ni nani. Aliliacha jembe papo hapo, akaikusanya kanga yake magotini na kukimbia. Kutoka kwenye mihogo hadi kwenye kaburi la mwanawe, Mwanarusi, ni hatua sitini, na gari halina haja ya kuhesabu hatua.

Hili lilikuwa la tano tangu mwezi uandame. Lilikuwa gari jeupe la kukodi, na mzungu aliyeliendesha aliushika usukani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebebeshwa beseni la maji lililojaa pomoni. Kando yake alikaa mkewe. Simu ilikuwa imebanwa mbele yao, na ndani ya simu mwanamke wa tatu, asiyeonekana, aliwaambia kwa utulivu mkubwa waendelee mbele moja kwa moja.

Husna alisimama mbele ya gari akiwa ametanua mikono. Likasimama. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeshapanda ukingo wa kaburi, na jiwe la upande wa kichwa lilikuwa limelala kifudifudi.

"Hapana barabara," alisema kwa Kizungu chake, kile alichokiokota miaka mitatu akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Kilikuwa Kizungu cha sabuni, taulo na samahani. Neno kaburi hakikuwa nalo. Akaonyesha chini. "Mtoto. Mtoto wangu. Hapa."

Yule mama wa kizungu aligeuka mweupe zaidi ya alivyokuwa. Aliruka nje, akapiga magoti mchangani na kuchungulia uvunguni mwa gari, akimtafuta mtoto aliyegongwa. Alitafuta upande huu, akatafuta na ule. Kisha akayaona mawe mawili na kichuguu kifupi cha mchanga baina yake, kifupi mno, akaelewa. Alibaki amepiga magoti vile vile, mkono mdomoni.

Mumewe alishuka na simu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu Husna aone kwamba kosa si lake. Husna akaitazama ramani iliyokuwa ndani ya simu. Bahari ilikuwepo, imetiwa rangi ya samawati. Nyumba yake haikuwepo, wala jiko lake la makuti, wala minazi minane aliyoachiwa mumewe na babake. Palikuwa na mstari mmoja mweupe, umenyooka kama uzi, kutoka barabara ya murami, ile ya changarawe, hadi kwenye nyumba mpya za wageni zilizojengwa ufuoni. Ulipita katikati ya mihogo yake kana kwamba mihogo haijawahi kupandwa na mtu.

"Samahani," yule mama alisema kwa Kiswahili. Wakarudi kinyumenyume walikotoka, na mwanamke wa kwenye simu akawa bado anawaambia wageuze.

Husna alilisimamisha jiwe, akausawazisha mchanga kwa viganja. Kisha akampigia simu mumewe, Jaafar, anayefanya kazi jikoni katika hoteli ya kisiwani Chale na kuja nyumbani kila baada ya wiki mbili.

"Leo wamempanda," alisema.

Jaafar alikuwa kazini. Nyuma yake zilisikika sufuria.

"Nenda ofisi ya barabara kule mjini, Husna," alisema. "Ningekuja mimi, lakini nikiomba ruhusa leo, kesho watanambia nisirudi."

Aliyempeleka mjini alikuwa Tsuma, rafiki wa Jaafar tangu utotoni, dereva wa watalii ambaye siku hizi gari lake hukaa zaidi kuliko linavyotembea. Tsuma anaijua kila njia kutoka Ukunda hadi Jego, na anajua nyumba gani ina mbwa. Ujuzi huo ulimlisha miaka kumi na mitano. Sasa mgeni hukodi gari peke yake, akabandika simu kwenye kioo, akaenda zake. "Zamani waliniuliza mimi," Tsuma hupenda kusema. "Sasa wanamuuliza yule bibi. Hali, hanywi, wala haombi kwenda msalani."

Lakini siku hiyo hakutania. Walikuwa wameshaingia kwenye lami alipofungua kinywa.

"Shemeji, ile njia tuliichora sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi tuliomzika Mzee Tsofa."

Husna aliikumbuka siku ile vizuri. Mvua za masika zilikuwa zimeikata barabara ya murami pale bondeni, na maiti ya jirani yake, Mzee Tsofa, ilikuwa ndani ya gari ikitoka hospitali. Watu walisimama mpakani mwa shamba wakabisha hodi. Maiti hazuiliwi. Husna aling'oa mwenyewe mihogo iliyokuwa karibu kuiva, akaburura matawi kando, akasema karibuni, piteni. Magari kumi na mawili yalipita siku hiyo, na yakapita tena siku zote za matanga. Baadaye watoto wa Mzee Tsofa waliuza kiwanja chao cha ufuoni, zikaota zile nyumba za wageni.

"Kila gari lilikuwa na simu nne, tano," Tsuma alisema. "Mtu anaitia mfukoni, anasahau, lakini ile ramani inamtazama tu anavyokwenda. Ikaona watu wengi wanapita pale. Ikasema, kumbe hapa pana barabara."

"Lakini nyote mlilikwepa kaburi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, niliwaona."

"Tulilikwepa. Mimi nilikuwa wa mbele, wote wakafuata magurudumu yangu." Tsuma alikuna kidevu. "Ile kona ramani haikuitia. Imenyoosha."

Husna akageuza uso dirishani. Alimlaumu Tsuma kwa muda wa kilomita mbili hivi, kisha akaacha, maana alijua kwamba maiti mwingine akija kesho atafungua tena.

Ofisini alikaa benchini tangu saa nne hadi saa saba kasorobo. Karani aliyemwita alikuwa msichana wa bara, jina lake Judy, limeandikwa kwenye kibao kidogo kifuani.

"Hujambo, dada," Husna alisema.

"Sema, mama."

Husna alieleza. Alieleza taratibu na kwa mpango, kama alivyolelewa kueleza mambo, akaanzia kwenye mvua, akaja kwenye maiti, akaja kwenye magari. Judy aliandika huku akitazama kompyuta.

"Hiyo barabara nani alifungua?"

"Si barabara. Ni shamba. Walikuja na maiti, nami nikawapa njia."

Judy akaandika mstari mmoja, akaugeuza ubao wa karatasi upande wa Husna. "Weka sahihi hapa."

Husna alisoma hadi darasa la sita, na walimu wa wakati ule hawakumwachia mtoto kupita bila ya kusoma. Alisoma: *Mwenye shamba amekubali kwamba alipeana njia kwa watu wa pale.*

"Sikusema hivi."

"Umesema uliwapa njia. Si basi ulipeana?"

"Niliwapa njia wapite. Niliwapisha, sikuwaachia njia."

"Sasa mama, kupa si ni kupeana?" Judy hakuwa na ubaya. Huko kwao, kupa na kupeana ni kitu kimoja. "Na saa hii iko kwa ramani. Hata kwa sistimu yetu imeingia, iko kwa zile barabara za kwenda bichi. Mimi siwezi toa. Labda uongee na Bwana Mangi."

Bwana Mangi alikuwa mtu wa pwani hii hii, mwenye nywele zilizoanza kuingia mvi. Husna akadhani amefika.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae." Alimpa kiti, akamuuliza hali ya nyumbani, hali ya mume, hali ya kilimo. Akaisikiliza habari yote bila ya kumkatiza. Kisha akaufungua waraka uliokuwa mezani, akaweka kidole.

"Imo. Greda litakuja Jumatatu. Wale wenye nyumba za wageni walileta maombi, na wakaleta ramani. Njia inatumiwa na wote, na wewe mwenyewe uliifungua kwa hiari yako. Hapa hapana fidia."

"Mimi sitaki fidia. Njia imepita juu ya mwanangu."

Bwana Mangi alivua miwani. "Kaburi," alisema. "Kaburi ni jambo jingine. Kaburi twaweza kulizunguka, sheria inaturuhusu. Lete kibali cha kuzika."

"Hatukuchukua kibali. Alikuwa na miezi saba. Alishikwa na homa, akafa asubuhi, adhuhuri akazikwa."

"Cheti cha kifo?"

"Hana."

"Cha kuzaliwa?"

"Alizaliwa nyumbani. Ilikuwa tukamwandikishe akifikisha mwaka."

Bwana Mangi alitazama waraka, akatazama dari, akairudisha miwani. Alikuwa na huruma, ilionekana wazi, na huruma yake haikuwa na muhuri.

"Nitaandika nini, mwanangu? Nikiandika kaburi, wataniuliza la nani. Na huyo nani, serikalini hakuzaliwa."

Husna alitaka kumwambia kwamba alizaliwa, kwamba alikuwa na nywele nyingi na kishimo cha kicheko shavuni upande mmoja, kwamba alikuwa ameanza kukaa mwenyewe akiegemezwa mto. Kwa siku chache za kuwapisha watu, njia yake ilikuwa imeandikwa katika simu za wazungu na katika vitabu vya serikali. Mwanarusi alikaa duniani miezi saba, akakaa chini ya mchanga miaka mitatu, na hapakuwa na kalamu hata moja iliyomgusa. Alilia pale kitini, bila ya sauti, na Bwana Mangi akasubiri kwa adabu hadi alipomaliza.

"Ile karatasi sitatia sahihi," Husna alisema, akainuka.

"Usitie. Greda haliisubiri."

Nje jua lilikuwa kali. Tsuma alikuwa ng'ambo ya barabara, amelala ndani ya gari lake na milango wazi. Pale langoni Husna alisimamishwa na askari, mwanamume mnene mwenye sare iliyombana, aliyetoka kibandani na daftari kubwa.

"Mama, samahani. Asubuhi uliingia hukujiandika. Wakubwa wakilikagua daftari watanigombeza mimi."

"Uliniambia niingie tu."

"Ndiyo, palikuwa na watu wengi. Kosa ni langu mimi Chengo. Nisaidie tu, ujaze sasa."

Akampa kalamu iliyofungwa kwa uzi. Daftari lilikuwa limepigwa mistari kwa rula: jina, anakotoka, nambari ya kitambulisho, sababu ya kuja, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Lilikuwa na muhuri wa serikali juu ya kila ukurasa.

Husna aliinama. Aliandika polepole, herufi moja moja, kwa mwandiko wa darasani. Chengo akawa anasoma kwa kupindua shingo.

"Mwanarusi Jaafar," alisoma. "Haya. Nambari ya kitambulisho umeiruka."

"Hakupewa."

Chengo alimtazama usoni, akataka kuuliza, akaacha. Akasoma safu ya sababu ya kuja. Husna alikuwa ameandika: *Amelala shambani kwao, barabara imzunguke.* Katika saa ya kuingia alikuwa ameandika tarehe, ya miaka mitatu nyuma.

"Na saa ya kutoka, mama?"

Husna aliilaza kalamu katikati ya daftari.

"Hiyo iache tupu," alisema. "Huyu hatoki."