Hodi ya Tatu

Usiku wa jana niliota mlango wa marehemu shangazi yangu, Zaudia, umekuja darasani kwangu, umechelewa na hauna sare.

Nafundisha Kiingereza darasa la tatu, na somo lilikuwa neno "door". Nikauambia mlango usimame ueleze kwa nini umechelewa. Ukajibu kwamba umesimama miaka arobaini, leo utakaa. Ukakaa dawati la nyuma huku bawaba zikilia, nami nikauacha.

Nikaandika ubaoni kwamba "door" ni mlango. Ukanyoosha komeo. Ukasema Waingereza wamelibebesha neno hilo kazi nyingi: wanalo kwenye gari na kwenye friji, wanalitumia kumtaja jirani, "next door", na mtu asiyetakiwa huonyeshwa hiyo hiyo "door". Watoto wakaandika yote. Nilikereka, maana mwenye cheti ni mimi.

"Haya, Mwalimu Hizza," ukasema, "litumie mwenyewe tuone."

Napepesa macho, darasa limekuwa baraza ya shangazi kule Muheza, ile nyumba iliyobomolewa mwaka juzi. Mlango uko kwenye fremu yake, rangi ya kijani, komeo bovu, umebanwa kwa kikaratasi kama siku zote. Kwenye ufa zimekaa hodi zangu mbili, zimepauka kwa jua. Niliziacha Idi ya mwisho ya uhai wake. Nilikuwa nawahi basi. Nikabisha mara mbili, kimya, nikaondoka. Siku tisa baadaye tukamzika.

"Hodi ni tatu," mlango unasema. "Ya kwanza anaisikia. Ya pili anajifunga kanga. Ya tatu anafungua. Wewe uliondoka akiwa anajifunga kanga."

Miaka yote nimejiambia kwamba hakuwapo nyumbani. Inaniuma, tena kuambiwa na mbao.

Nafungua kinywa nibishe hodi, kinatoka Kiingereza: "Door." Mlango unasema hilo ni jina lake, si ombi. Najaribu tena, linatoka lile lile, na zile hodi mbili zinanicheka.

Basi nasogea pembeni, nisichungulie ndani, kama shangazi alivyonifundisha nikiwa mdogo.

"Hodi."

"Karibu, baba. Mbona una haraka hivyo?"

Ni sauti yake. Komeo linatikisika, mlango unafunguka, kikaratasi kinaanguka miguuni pangu. Naona ndala zake za bluu, ya kushoto imeshonwa kwa waya. Nainama kwanza nimwokotee kikaratasi, ndipo niinuke nimtazame.

Nikaamka kabla sijainuka.

Kiganjani nina kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ni ukurasa wa daftari langu la utotoni, nilipokuwa mwanafunzi wa darasa la tatu: nimechora mlango wa kijani, chini yake nimeandika "door" kwa mwandiko wa kitoto, na pembeni kuna tiki nyekundu.

Mlango wetu una kitasa kizima, lakini kikaratasi nimekibana kwenye ufa wake. Basi la kwenda kazini limeshapita. Leo sina haraka.